Milango ya Kugonga Kabla ya Usiku wa Juri: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Ubunifu Majengo

Saa kumi alfajiri, katika studio ya mwaka wa pili, nilimwona mwenzangu akipachika paa la modeli yake juu ya kuta ambazo gundi yake ilikuwa bado mbichi. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Hakuwa amelala tangu juzi yake. Kisu kikateleza, kikampitia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na damu ikadondokea kadibodi nyeupe aliyoikata kwa siku nne. Tukamfunga kwa leso, tukatafuta bajaji, tukampeleka zahanati. Saa tatu asubuhi alisimama mbele ya juri, yaani jopo la walimu na wageni wanaohoji kazi, na kidole kilichoshonwa, akawasilisha kazi yake, akapata alama za kupita.

Kilichonikaa moyoni miaka yote hii ni maneno aliyoyasema njiani. Alisema kwamba wiki tatu nyuma alishaona muda hautamtosha, ila hakujua amwambie nani.

Watu wa kuambiwa walikuwepo. Mshauri wake wa kitaaluma alikuwa na ofisi ghorofa ya chini ya jengo hilohilo. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ilikuwa umbali wa kutembea. Mwanafunzi wa studio hukosa msaada kwa sababu siku zake zote zinaliwa na kazi, na anapokumbuka kwamba kuna mlango wa kugonga, usiku wa juri umeshafika. Makala haya yanakuonyesha milango hiyo na namna ya kuigonga mapema. Mifano mingi ni ya Tanzania, kwa kuwa ndiko nilikosomea na ndiko ninakofanyia kazi, lakini mwanafunzi wa Nairobi, Kampala au Kigali atakuta mengi yanamhusu.

Kwanza, ujue uzito wa mzigo

Shahada ya ubunifu majengo katika Chuo Kikuu Ardhi, eneo la Survey jijini Dar es Salaam, huchukua miaka 5, wakati shahada nyingi za fani nyingine humalizika kwa miaka 3 au 4. Marafiki mlioingia nao chuo watahitimu, wataajiriwa, wengine wataoa na kuolewa, wewe bado unakata kadibodi. Jiandae kwa hilo kiakili na kifedha tangu mwanzo, na mweleze mzazi au mlezi wako mapema ili mwaka wa nne asije akadhani umefeli.

Jambo la pili ni studio yenyewe. Katika somo la hesabu au la nguvu za miundo, swali lina jibu, na ukilipata umelipata. Studio haina jibu moja. Unapewa kiwanja na mahitaji, tuseme zahanati ya kata au nyumba za watumishi, kisha unachora, unaonyesha, unaambiwa urudie. Unaweza kuchora usiku kucha na asubuhi mwalimu akaweka karatasi mpya ya kunakilia juu ya kazi yako, akaanza upya kwa penseli nyekundu. Anayetoka sekondari akiwa amezoea kupata alama za juu huumia sana wiki hizo za kwanza, akadhani hana kipaji. Kurudia ndiyo njia ya kujifunza fani hii. Kila aliye studio anarudia, hata yule ambaye michoro yake inabandikwa ukutani kama mfano.

Watu wa kuwaona, na wakati wa kuwaona

Mshauri wa kitaaluma. Vyuo vingi humpangia kila mwanafunzi mwalimu mmoja wa kumfuatilia. Mtafute wiki mbili za kwanza, hata kama huna shida. Jitambulishe, mwambie umetoka wapi na unasomea nini hasa. Siku utakapofika na shida, hutakuwa mgeni. Mwalimu huyu ndiye atakayekuandikia barua ukiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo au ufadhili, na hawezi kuandika vizuri kuhusu mtu asiyemjua.

Mshauri wa wanafunzi. Ofisi hii hushughulikia malazi, ugomvi wa bwenini, msiba, ugonjwa wa mzazi, kukosa chakula. Wengi hudhani ni ofisi ya kuadhibu watovu wa nidhamu. Kazi yake kubwa ni kukusaidia ubaki chuoni. Ukifiwa katikati ya muhula, hapo ndipo pa kuanzia, na barua yake ndiyo walimu wa studio huitambua.

Ushauri nasaha. Ukiona siku zinapita hulali hata ukipata nafasi ya kulala, chakula hakipiti, unakwepa studio kwa sababu moyo unadunda ukifika mlangoni, au unawaza kwamba ingekuwa afadhali usiwepo, nenda kwa mnasihi wa chuo leo. Usisubiri juri ipite. Kwa kawaida mazungumzo yenu ni siri, hayapelekwi kwa mwalimu wako wala nyumbani. Kama huwezi kwenda peke yako, mwombe mwenzako akusindikize. Na wewe ukimwona mwenzako yuko hivyo, usimwachie ujumbe wa simu tu. Kaa naye, mpeleke.

Mwenye ulemavu. Jisajili mapema na kitengo kinachohudumia wanafunzi wenye ulemavu, na mweleze mratibu wa studio unachohitaji kabla vyumba havijapangwa. Studio nyingi ziko ghorofani kusiko na lifti, na kukuhamishia meza ghorofa ya chini ni jambo linalowezekana likiombwa wiki ya kwanza. Mwanafunzi kiziwi aombe mkalimani wa lugha ya alama kwa siku za juri, kwa barua yenye tarehe, maana mkalimani hapatikani kwa saa moja.

Karakana na maktaba. Fundi wa karakana ya modeli anajua gundi ipi hula povu na ipi hushika mbao, na mara nyingi ana mabaki ya mbao na kadibodi ambayo wengine wameyaacha. Mheshimu, msalimie kwa jina, utajifunza kwake mambo ambayo hayamo kwenye mihadhara. Mkutubi naye huwa na tasnifu za miaka iliyopita. Kuona jinsi aliyekutangulia alivyopanga karatasi zake za mwisho kunakuokolea wiki nzima ya kubahatisha.

Pesa: mkopo, bumu na bei ya karatasi

Fani hii ina gharama ambazo hazionekani kwenye fomu ya ada. Karatasi, kalamu za wino, kadibodi, gundi, visu, nauli za kwenda kupima viwanja, uchapaji wa karatasi kubwa. Kwa bahati nzuri Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ina mafungu kadhaa ndani ya mkopo mmoja: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti, na fungu la mahitaji maalumu ya kitivo. Fungu hilo la mwisho lipo kwa ajili ya fani zenye vifaa kama yako, na mwanafunzi anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua kama amepangiwa au la. Ingia kwenye akaunti yako ya mkopo, soma fungu moja baada ya jingine, andika kiasi cha kila moja kwenye daftari. Ukiona umepangiwa pungufu kuliko hali ya nyumbani kwenu inavyostahili, bodi hufungua dirisha la rufaa. Rufaa hushinda kwa vielelezo: cheti cha kifo cha mzazi, barua ya ulemavu, ushahidi wa kaya kunufaika na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Maelezo marefu bila karatasi hayasaidii. Wanafunzi wa Zanzibar wana bodi yao ya mikopo.

Bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka kwenye mkopo, likiingia, lisaini kwa wakati. Fedha ambazo hazikusainiwa ndani ya muda hurudishwa bodi, na kuzifuatilia ni safari ndefu. Baada ya kusaini, tenga fungu la studio siku hiyohiyo, kabla ya kiatu na kabla ya simu. Kumbuka pia kwamba ni deni: ukiajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wako kulirejesha.

Kuna njia za kupunguza matumizi bila kuharibu kazi. Karatasi ya A1 ina upana wa milimita 594 na urefu wa milimita 841, sawa na karatasi nane za A4. Usiichape mpaka kazi imekamilika. Kwa mashauriano ya kila wiki chapa kwa A3, na skeli itaendelea kusomeka vizuri, kwa sababu mchoro wa 1:100 kwenye A1 unakuwa 1:200 ukichapwa A3. Modeli za mwanzo zitengeneze kwa maboksi ya dukani, ambayo wauzaji hutupa kila jioni. Kadibodi nyeupe iwe ya modeli ya mwisho tu. Nunueni vifaa kwa pamoja, watu watano au sita, kwenye maduka ya jumla, mgawane. Kiwango cha ubora ambacho juri inakitafuta kinatokana na wazo na usafi wa kukata. Bei ya kadibodi haikupi alama.

Kuhusu kompyuta, usimbane mzazi auze shamba ili upate mashine ya bei kubwa mwaka wa kwanza. Mwaka huo studio nyingi huchorwa kwa mkono. Uliza waliokutangulia ni programu gani zitatumika mwaka wa pili na wa tatu, ndipo ununue mashine inayozimudu.

Faili, programu na foleni ya steshenari

Kampuni ya Autodesk huwapa wanafunzi leseni za bure za AutoCAD na Revit, mradi uthibitishe kuwa uko chuoni, na leseni huhuishwa kila mwaka. Blender ni ya bure kwa kila mtu, na QGIS ya kuchora ramani za maeneo ni ya bure vilevile. Hakuna sababu ya kupakua programu zilizovunjwa kufuli, ambazo ndizo hubeba virusi vinavyokula flashi za darasa zima wiki ya juri.

Weka kazi yako mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi au diski ya nje, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila jioni hifadhi nakala yenye tarehe, usiandike juu ya ile ya jana. Faili la AutoCAD likiharibika, tafuta kwenye folda ileile faili la jina lilelile lenye mkia wa .bak, ubadilishe mkia kuwa .dwg, ulifungue. Hilo ni toleo la kabla ya uhifadhi wa mwisho. Nimewaona watu wakilia juu ya kazi iliyokuwa bado ipo, kwa kutojua jambo hili tu.

Steshenari, nenda na PDF. Faili asili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, maandishi hubadilika sura na unene wa mistari hupotea. Chapa kipande kimoja kwa A3 kwanza, kikague kwa rula, kisha toa oda ya A1. Na chapa siku moja kabla. Siku ya juri umeme unaweza kukatika, wino ukaisha, na foleni ikafika barabarani. Wekeni makubaliano darasani kwamba mchoro unafungwa saa 24 kabla ya juri. Kundi lenye makubaliano hayo hulala, lisilo nayo hukesha pamoja na kuharibikiwa pamoja.

Modeli nayo isafirishwe ndani ya boksi lenye mfuniko, lenye kamba ya kushikia. Kama unapanda daladala, toka kabla ya saa moja asubuhi au kodi bajaji mkiwa watatu. Modeli ya wiki tatu inaweza kuvunjwa na begi la abiria mmoja aliyesimama.

Kusimama mbele ya juri

Walimu na wageni watakaa mbele ya karatasi zako. Una dakika chache. Anza na kiwanja: kiko wapi, watu wanaingilia upande gani, jua linapita wapi, upepo unatoka wapi. Mwanafunzi wa pwani ana utajiri hapa. Tunajua pepo za kaskazi na kusi tangu utotoni. Ukieleza kwamba madirisha ya wodi yamepokea kusi katika miezi ya katikati ya mwaka, na kwamba kuta fupi ndizo zimeelekea mashariki na magharibi kwa sababu jua la asubuhi na jioni liko chini na haliwezi kuzuiwa na baraza, juri itajua umefikiri. Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini. Paa linahitaji kutoa kivuli pande zote mbili.

Baada ya kiwanja, sema wazo lako kwa sentensi moja. Kisha pitisha juri kwenye jengo kama mgeni anayeingia: mlango, ukumbi, ngazi, mwanga. Mkato ndio mchoro unaoeleza zaidi, usiuweke pembeni.

Uwasilishaji ni kwa Kiingereza, na wengi hukwama hapo. Fanya mazoezi kwa Kiswahili kwanza, mbele ya mwenzako wa chumbani asiyesoma fani hii. Ukimfanya aelewe, wazo limekaa sawa. Ndipo urudie kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi. Anayeanza kwa Kiingereza huishia kukariri maneno, na akiulizwa swali la pembeni, hana pa kushika.

Wakati unahojiwa huwezi kuandika. Mwombe mwenzako akuandikie kila kilichosemwa, nawe umfanyie vivyo hivyo zamu yake. Jioni, ukishakula na kulala, soma maandishi yale na uyagawe mafungu matatu: ya kurekebisha, ya kufikiria, na ya kuacha. Mengi yaliyosikika kama matusi mchana huonekana kuwa maelekezo jioni.

Lakini kuna mpaka. Mwalimu ana haki ya kusema mkato wako haueleweki. Hana haki ya kukutukana wewe, kabila lako, jinsia yako au umaskini wa kwenu. Hilo likitokea, andika tarehe, maneno na waliokuwepo, ulipeleke kwa mkuu wa idara au serikali ya wanafunzi.

Na kuna jinai. Mwalimu au yeyote mwenye mamlaka akikudai ngono ili upite studio, huo ni uhalifu wa rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe wake. Nenda dawati la jinsia la chuo, au polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba 113 bila malipo. Studio za usiku zinampa mhalifu nafasi, kwa hiyo tembeeni kwa makundi, na mashauriano ya kazi yafanyike mahali pa wazi, mchana.

Mwili unaochora ni mmoja

Mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi kwa siku. Studio imejenga utamaduni wa kujisifia kukesha, na utamaduni huo unaumiza watu. Aliyekesha hukata vibaya, huchora mlango unaofungukia ngazi, na husahau aliyosema. Kahawa unayokunywa saa nne usiku, karibu nusu ya nguvu yake bado iko mwilini saa tisa, ndiyo maana unalala bila kupumzika. Kama lazima uchelewe mara moja, lala kwanza kwa saa mbili jioni, uamke, umalize.

Kuhusu kisu: kata mara tatu au nne kwa kuteleza taratibu, usikate mara moja kwa nguvu. Tumia rula ya chuma, kwa sababu ile ya plastiki huruhusu kisu kupanda juu yake na kufuata kidole. Mkono unaoshikilia rula usikae kwenye njia ya kisu. Wembe mpya ni salama kuliko mkuukuu, kwa kuwa hauhitaji nguvu. Nyembe zilizotumika zikusanywe kwenye kopo lenye mfuniko, msiwaumize wafanya usafi. Gundi kali na rangi za kupuliza zitumike nje ya chumba. Na usikate kamwe ukiwa umesinzia. Mwenzangu wa kidole kilichoshonwa alikuwa na ujuzi wote huu. Alichokosa ni usingizi.

Mafunzo kwa vitendo

Barua za kuomba nafasi zitume miezi mitatu kabla. Chagua mahali utakapofanya kazi na kuona ujenzi ukiendelea, hata kama ofisi ni ndogo. Jaza kitabu cha kumbukumbu kila siku, kwa mchoro na si kwa maneno matupu.

Ukifika eneo la ujenzi, vaa kofia ngumu na viatu vilivyofunika vidole, na jifunze kwa mafundi. Mimi nilijifunza maana ya ukuta wima kwa fundi mmoja aliyening'iniza timazi na kuniambia nisogee, nitazame kwa jicho moja. Kamba ilikuwa imeachana na tofali kwa upana wa kucha. Aliniambia kozi tatu zilizofuata zingeongeza kosa hilo mpaka lenta isingekaa. Nilikuwa nimechora kuta mia kwenye kompyuta, na sikuwa nimewahi kuona moja ikipinda. Uliza pima maji inasomwaje, ringi za nguzo zinaachana kwa umbali gani, kenchi inafungwaje. Mafundi humfundisha kwa moyo anayewauliza kwa adabu.

Mji ni maktaba yako

Safari ya mafunzo haihitaji ndege. Nenda Kariakoo ukalitazame soko lililobuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wabunifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970. Tazama nguzo zake za zege zinazopanuka juu kama faneli, na ile sehemu ya chini wanayoiita Shimoni. Soko hilo liliungua Julai 2021, na mwanafunzi anayelitazama leo anajifunza ubunifu, moto na ukarabati kwa pamoja. Nenda Boma la Kale karibu na bandari, ambako kuna Kituo cha Urithi wa Usanifu Dar es Salaam. Nenda Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukaone kanisa la pamoja la chuo lililobuniwa na Anthony Almeida.

Ukipata nauli ya boti, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, utakufundisha baraza, ua wa ndani na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilibomoka sehemu Desemba 2020. Simama mbele yake uelewe kwamba jengo lisilotunzwa hufa. Chukua daftari, pima kwa hatua zako, chora. Picha ya simu utaisahau, mchoro wa mkono hutausahau.

Ukikwama

Ukiumwa au ukipata msiba mkubwa, omba kuahirisha masomo kwa maandishi, ukiambatisha barua ya hospitali au ya mshauri wa wanafunzi, kabla ya mitihani na kabla ya juri ya mwisho. Ombi la kabla ni haki yako. Maelezo ya baada ya matokeo husomwa kama kisingizio. Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, muulize mwalimu kwa utulivu ni kipi hasa kilikosekana, maana sapu ya studio mara nyingi ni kurekebisha kazi ileile. Soma kanuni za mitihani za chuo chako ujue alama gani humfanya mtu adisko, yaani aondolewe chuoni. Wengi huzisoma wakiwa wameshaanguka.

Shahada peke yake haikufanyi mbunifu majengo kisheria. Tanzania Bara, anayesajili ni Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, baada ya mafunzo ya kazi chini ya aliyesajiliwa na mitihani ya bodi. Kenya, kazi hiyo hufanywa na BORAQS. Kwa hiyo mwanafunzi anayechora nyumba ya mjomba kwa malipo na kuipeleka halmashauri bila mtaalamu aliyesajiliwa anahatarisha watu watakaoishi humo, na anahatarisha usajili wake wa kesho. Ukipata kazi ya namna hiyo, ipeleke kwa ofisi iliyosajiliwa ufanye chini yake. Utalipwa kidogo, utajifunza zaidi, na nyumba itasimama.

Ya kufanya wiki hii

Mwone mshauri wako wa kitaaluma. Soma mafungu ya mkopo wako. Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la studio chumba na simu ya mshauri wa wanafunzi, zahanati, mnasihi na dawati la jinsia. Kubalianeni na wenzako siku ya kufunga michoro. Weka nakala ya pili ya kazi yako.

Na ukimwona jirani yako wa meza anatetemeka mikono saa kumi alfajiri, mnyang'anye kisu, umwambie akalale. Kadibodi ipo kesho. Nyumba atakazowajengea watu zinamhitaji akiwa na vidole vyake kumi.